Mfanyakazi wa Kumi na Sita

Rosaria wa maktaba amekuja hapa mara tatu. Mara ya kwanza alileta biskuti za lozi, nikazila, nikamwambia hapana. Mara ya pili alileta daftari jipya, nikamwambia hapana. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, akasema, "Basi, shangazi Comasia, kitabu cha mafundi wa mji kitatoka bila Cataldo." Hapo ndipo aliponishika pabaya. Wamwandike yule mtengeneza mapipa ambaye mapipa yake yalivuja hadi paka wa mtaa wakalewa, halafu ndugu yangu wamwache? Haya, nipe kalamu.

Lakini nasema mapema. Nina miaka themanini na minne, na mkono huu umezoea sindano. Shule nimeingia nikiwa na miaka hamsini na minane, ile ya jioni, nimekaa kwenye viti vya watoto magoti yanagonga meza. Asiyependa maandishi yangu akaandike ya kwake. Wala sitaandika alivyotaka Rosaria, kwamba Cataldo alikuwa fundi hodari na mpole na mfano kwa vijana. Fundi hodari alikuwa. Hayo mengine mtaona wenyewe.

Cataldo Semeraro ni mdogo wangu, nilimtangulia miaka sita. Baba yetu alikuwa na nyumbu wawili, zizi la mawe, na watoto tusiolingana na mkate uliokuwepo. Cataldo alipofika miaka saba akapelekwa kwa fundi cherehani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupuliza makaa ya pasi na kuokota pini sakafuni. Alipofika kumi na mbili alikuwa anamtazama mteja anavyoingia mlangoni, na kabla mtu hajamaliza salamu, kijana ameshajua bega lipi limeshuka. Jicho lile hakufundishwa na mtu.

Baba alipofariki tukatoa nyumbu zizini, tukapaka chokaa mara tatu, Cataldo akaweka cherehani moja. Siku za unyevu sufu ilinuka nyumbu. Wateja walipokunja pua aliwaambia hiyo ndiyo harufu ya sufu halisi, nao wakaongeza bei wenyewe. Alishona makoti ya baridi, ya wanaume na ya wanawake. Mimi nilipofiwa na mume nikaja kufanya naye kazi, nikawa nashona matundu ya vifungo. Nayasema haya bila aibu: hakuna aliyekuwa na tundu la kifungo kama langu kutoka hapa hadi baharini. Kufika mwaka sabini na moja tulikuwa na wanawake kumi na watano, na makoti yanakwenda hadi Milano.

Sasa sikia lililoharibu.

Kulikuwa na karakana nyingine mtaa wa chini. Mwenyewe alimfukuza mpiga pasi wake kwa sababu ya ulevi. Huko nyuma mambo yangeishia hapo. Lakini sheria mpya ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Ukiwa na wafanyakazi kumi na watano, unaweza kumwambia mtu kesho usije, na yasizidi hapo. Ukishavuka wakafika kumi na sita, yule mtu anakwenda kwa hakimu, na hakimu akiona umemwonea, anamrudisha kwenye kiti chake na wewe unanyamaza. Yule mpiga pasi alikwenda, na hakimu akamrudisha. Akakodi bendi ya mji, ile ya tarumbeta inayopigia watakatifu sikukuu, akarudi kazini asubuhi bendi inamtangulia, anapunga mkono kama askofu.

Cataldo alikuwa mlangoni kwetu. Nilimwona anavyobadilika rangi.

"Dada," akaniambia, "kwangu mimi bendi haiingii."

"Nani atakuletea bendi? Wanawake wenyewe wanaogopa hata kukohoa."

"Leo wako kumi na watano. Nikiongeza mmoja tu, nimejifunga kamba mwenyewe shingoni na kuwapa wao ncha."

Wiki ileile alimwita binamu yetu Giuvann, mwashi, wakajenga ukuta katikati ya zizi. Mawe ya tufo, yale laini ya kwetu, kutoka sakafuni hadi darini. Upande wa mbele ukawa karakana moja, kwa jina la mkewe Vita. Upande wa nyuma, unaoingilia uchochoroni, ukawa karakana nyingine. Kila upande kumi na watano, na kila mlango una kibao chake cha shaba. Kwenye karatasi, hizo ni kampuni mbili zisizojuana. Kwa kweli lilikuwa zizi moja, fundi mmoja, na kila koti lilianza upande huu na kumalizikia ule.

Siku za ukuta huo Cataldo aliniletea karatasi jikoni. "Tia sahihi hapa, dada. Lakini kwanza soma, nisije nikalaumiwa." Mimi sikujua kusoma. Nilijua kuchora jina langu, mstari mmoja usiokatika, kama mtu anavyojua kushona ua bila kujua ua lile linaitwaje. Lakini nimwambie mdogo wangu kwamba sijui? Mimi niliyemfuta makamasi? Nikaenda kabatini nikachukua miwani ya marehemu mume wangu, nikaivaa, kila kitu kikawa ukungu, nikatembeza macho kutoka juu hadi chini taratibu. Katikati hata nikatikisa kichwa kidogo, kama niliyekuta jambo la kufikiriwa. Nikasema, "Ni sawa." Nikachora jina.

Alinitazama namna fulani. "Ni sawa kweli? Hutabadili mawazo?"

"Nimesema ni sawa. Ondoa karatasi yako, nakata kitunguu."

Tukaishi na ukuta miaka kumi na saba.

Giuvann aliacha tundu ukutani, upana wa mikate miwili mikubwa. Mabega na vifua vilishonwa upande wa Vita, vikapitishwa tunduni. Huku nyuma sisi tukatia mikono, bitana, kola na vifungo. Juu ya tundu Cataldo alitundika picha ya Mtakatifu Martino akikata joho lake nusu ampe ombaomba, akaitia bawaba ifunguke kama mlango. Mkaguzi alipokuja, picha ilifungwa, na wanawake wa kule walikaa kimya kama wafu. Mkaguzi mmoja alipiga ishara ya msalaba mbele ya picha, na nyuma ya picha Isolina, mshonaji wa upande wetu, alikuwa ameshika koti zima mikononi, pumzi ameibana.

"Mtakatifu naye ana kampuni mbili," Isolina alisema mkaguzi alipoondoka. "Nusu joho kwa jina lake, nusu kwa jina la ombaomba."

Tulicheka. Lakini wasichana waliokuja kuomba kazi hawakucheka. Kila mwaka walikuja, wengine na mama zao, wengine wana mkono mzuri mno. Cataldo aliwapa kitambaa wajaribu, akakitazama, macho yakamwangaza, kisha akahesabu kichwani. "Nimejaa," akasema. Mama mmoja alimwambia, "Fundi, zizi lako lina nafasi hata ya nyumbu." Akajibu, "Nyumbu haendi kwa hakimu." Maagizo makubwa nayo aliyakataa. Wenzake walioanza nyuma yake wakampita, wakanunua mashine za kukata, wakajenga nje ya mji. Yeye alibaki na thelathini wake, kumi na watano huku na kumi na watano huku, kama anayecheza bao.

Mimi, kwa upande wangu, nilijiona natendewa vema. Nikiingia asubuhi wanawake wa upande wa nyuma walikuwa wananyanyuka. Nilidhani ni kwa ajili ya matundu yangu ya vifungo. Cataldo alimfokea kila mtu, hata Vita, lakini mimi hata nikichelewa alisema tu, "Umelala vizuri, dada?" Nilidhani ni adabu tuliyomlea nayo. Na kila Jumamosi nilisugua kile kibao cha shaba cha mlango wa uchochoroni kwa majivu na ndimu, kwa sababu sipendi shaba iliyofifia.

Mwaka themanini na nane, mwezi wa Oktoba, akaja Bwana Ghislanzoni kutoka Milano, yule aliyekuwa ananunua makoti yetu kwa njia ya simu na lori. Mtu mfupi, nadhifu. Aliingia mlango wa mbele na koti letu moja mkononi. Nilikuwa upande ule siku hiyo, nimekuja kuchagua vifungo.

"Fundi," akamwambia Cataldo, "nina swali linaninyima usingizi miaka sita. Kila koti lako lina mkunjo mmoja. Hapa, chini ya bega la kushoto. Mmoja tu, mahali palepale. Kule nina wasichana wawili ambao kazi yao ni kuunyoosha huo mkunjo, hawana nyingine. Nikasema niende nikaione hiyo mashine yenye kilema."

Cataldo akafungua mdomo, na kabla hajasema kitu, Mtakatifu Martino akafunguka ukutani na mkono wa Isolina ukatoka, umeshika koti.

"Haya, nani anapokea?" mkono ukasema. "Kifua kimeshonwa upande. Harakisheni, bega linaniuma."

Bwana Ghislanzoni alirudi nyuma hatua mbili.

"Nyuma ya huyo mtakatifu kuna nini?"

"Kampuni nyingine," Cataldo akasema.

"Ya nani?"

"Ya jirani."

"Jirani gani tena, fundi?" Isolina akauliza kutoka ukutani. "Si wewe uliyetufokea sasa hivi habari ya bitana?"

Yule bwana akasogea, akainama, akachungulia tunduni. Isolina akamwamkia. Akapima tundu kwa mkono wake, akalichukua koti, akalipitisha mwenyewe, akalivuta. Akaliangalia chini ya bega la kushoto. Akaketi kwenye kigoda na kucheka mpaka akatoa leso. Kisha akaacha kucheka, na alipoacha ndipo mimi nilipoogopa.

"Nilikuja kukupa makoti yangu yote ya baridi," akasema. "Miaka mitatu. Ningetaka wanawake arobaini, hata zaidi. Lakini mimi siweki sahihi na watu wawili wanaopitishiana kazi kwenye tundu. Wenye maduka ninaowauzia wakijua, nimekwisha. Nataka kampuni moja, mlango mmoja. Nitarudi siku ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja Novemba. Nikikuta ukuta huu, nakwenda kwa wenzako wa nje ya mji, na haya unayoshona sasa ndiyo ya mwisho."

Maagizo yetu mengine yote yalikuwa yameshakufa, wateja wadogo wamefunga maduka. Yeye akiondoka, thelathini wote wanaondoka. Hilo halikuhitaji kusoma. Kila mwanamke mle ndani alilijua, na cherehani zilinyamaza pande zote mbili.

Siku tatu baadaye mhasibu wa Cataldo alituita kwa wakili wa hati, aandike kampuni moja. Tulikwenda mimi, Vita na Cataldo. Nilivaa nguo nyeusi ya kanisani. Nilidhani nimeitwa kuwa shahidi, maana mimi ni mkubwa. Wakili akafungua jalada, akasoma kwa sauti ya padri mwenye haraka. Kampuni ya kwanza, mmiliki, fulani Vita. Sawa. Kampuni ya pili, mmiliki, Semeraro Comasia.

Mji huu umejaa kina Comasia, tunaitwa kwa jina la mtakatifu mmoja. Nikauliza, "Comasia yupi?"

Wakili akacheka, akadhani natania. "Wewe, mama. Uliyeketi hapo."

Akaendelea. Wafanyakazi wa Semeraro Comasia, kumi na watano. Akaanza kuwataja. Isolina, wa kwanza. Akataja kumi na wanne, wote wanawake, wote nawajua. "Wa kumi na tano," akasema, akapindua ukurasa, "Semeraro Cataldo, mkata vitambaa."

Nilimgeukia ndugu yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Vita alikuwa ananitazama mimi, bila mshangao wowote. Mhasibu hivyohivyo. Ndipo nikaelewa kwamba mle ndani, na mjini kote, mtu pekee ambaye hakujua alikuwa mimi. Cataldo hakuwa na kitu. Hata mkasi haukuwa wake. Aliogopa mno hakimu asije akamkuta na jina lake mahali, hata akajiandika kibarua. Kibarua wangu.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Ndiyo. Endelea." Kana kwamba nilijua siku zote. Nisamehewe, lakini nisingefia aibu mbele ya wakili.

Niliporudi sikuingia ndani. Nilisimama uchochoroni mbele ya kile kibao cha shaba na kitambulisho changu mkononi, nikalinganisha alama moja moja, kama unavyolinganisha mistari ya kitambaa kwenye mshono. Zilikuwa zilezile. Miaka kumi na saba nimesugua jina langu mwenyewe kwa majivu na ndimu bila kulijua. Nikaketi kwenye kizingiti. Isolina akatoka, akauliza kama naumwa.

"Isolina, mbona mkiniona mnanyanyuka?"

"Ala, shangazi. Si wewe mwenye kampuni?"

"Siyo kwa sababu ya matundu ya vifungo?"

Akafikiri, kwa heshima. "Na hayo pia," akasema.

Basi, ilibaki kutia sahihi tu, mimi na Vita, na kuvunja ukuta. Ndipo Cataldo alipokataa. Alisimama katikati ya karakana akiwa na utepe wa kupimia shingoni.

"Haitakuwa," akasema. "Nimefikiri. Thelathini pamoja? Kisha arobaini? Siku nikimwambia mmoja kola yako mbovu, wote arobaini kwa hakimu."

"Na tusipovunja?" nikamuuliza.

"Tutapata mteja mwingine."

"Yupi? Mtaje jina."

"Atatokea."

"Bibi Filomena wa pembeni anamngoja mumewe kutoka Argentina tangu vita viishe. Naye anasema atatokea."

"Usinifanyie dhihaka, dada. Wewe hujui uzito wa kuwa na watu usioweza kuwatoa. Vita, hutii sahihi."

Vita akainamisha kichwa. Vita alikuwa mwanamke wa kwenda nyuma ya mume hatua mbili, hata barabara ikiwa pana. Siku zikapita. Novemba ikaingia, mvinyo mpya ukaanza kuchemka kwenye mapipa, wanawake wakashona bila kuimba. Zilibaki siku tano.

Sikulala vizuri siku hizo, wala sikuwa najua kitakachotoka mdomoni mwangu hadi kilipotoka. Ilikuwa asubuhi, Cataldo anakata. Picha ilikuwa wazi, wa pande zote mbili wanasikia.

"Cataldo."

"Nini, dada."

"Kesho usije."

Hakuinua macho. "Nisije wapi?"

"Hapa. Mimi ni mwenye kampuni, wewe ni mfanyakazi wangu wa kumi na tano. Nimekuachisha kazi."

Nilidhani atacheka. Au atatupa mkasi, nami nitatupa kijaluba cha vifungo, tutapigana kelele kama tulivyozoea utotoni, na mwisho wake ukuta utaanguka. Hakufanya hata moja. Aliuweka mkasi mezani, ncha zikielekea ukutani. Akautoa utepe shingoni, akaukunja taratibu, akauweka juu ya mkasi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari aliyoitarajia muda mrefu.

"Haya," akasema. Akachukua kofia, akatoka. Mlango hakuubamiza.

Hakuna mashine iliyolia. Nilikuwa nimemwachisha kazi mtu niliyemlea, aliyeijenga karakana ile kutoka kwenye samadi, na sheria haikuuliza hata kwa nini. Ilikuwa rahisi kiasi kile. Kumwachisha paka nyama kuna kazi zaidi.

Wa kwanza kusema alikuwa Vita. Alikuwa mweupe kama chaki. "Wifi," akasema, "yeye si fundi tena hapa?"

"Si fundi."

"Basi nikitia sahihi namkaidi nani?"

Tukaenda kwa wakili mchana uleule, Vita akiwa bado na uzi kwenye aproni. Kesho yake Giuvann akaja na nyundo kuuvunja ukuta alioujenga mwenyewe, akilalamika kwamba alikuwa ameujenga vizuri mno. Wanawake wakabeba mawe kwenye aproni hadi uchochoroni. Vumbi liliposhuka tukasimama tukitazamana. Chumba kilikuwa kidogo. Miaka yote ile kila upande ulidhani kule kwingine ndiko kwenye nafasi, na ukuta ulipotoka likabaki zizi la nyumbu wawili, na thelathini sisi, kasoro mmoja, tumebanana ndani yake.

Siku ya Mtakatifu Martino Bwana Ghislanzoni akaja. Akapapasa mahali ukuta ulipokuwa, akatoa karatasi yake, akaifungua juu ya meza ya kukatia. Kisha akaangalia huku na huku.

"Fundi yuko wapi?"

"Nyumbani," Vita akasema.

"Nani anakata?"

Isolina akajaribu. "Tunakata sote."

"Wakikata wote, hakati mtu," yule bwana akasema, akaikunja karatasi. "Mimi nilikuja kwa ajili ya jicho la mtu mmoja. Niko hotelini hadi Jumatatu."

Nikaenda kwa Cataldo Jumapili, baada ya misa. Mkataba wa kazi alikuwa ameuandaa mhasibu. Nilimkuta jikoni amevaa kofia, anachambua mboga ya chikori aliyopewa na Vita, jani jani, kwa makini kama anatoa uzi. Sufuria ya maharage ilikuwa motoni.

"Umekuja kuchukua na kofia?" akasema.

"Nimekuja kukurudisha."

"Kwa mdomo?"

"Kwa karatasi. Hii hapa. Kampuni moja, na wewe ni mfanyakazi wa thelathini. Tia sahihi."

Akafuta mikono, hakuipokea. "Nisomee."

"Macho unayo."

"Ulinifukuza kwa mdomo wako mbele ya watu. Nirudishe kwa mdomo wako. Soma, dada, neno kwa neno, nisikie."

Nikaifungua. Ilikuwa nyeusi ya maandishi kutoka juu hadi chini. Nilitembeza macho mstari wa kwanza, nikatembeza wa pili. Alikuwa anangoja. Nikajua kwamba nikitoka mle jikoni na kiburi changu, nitatoka nacho peke yake, na kesho thelathini watakuwa mtaani. Nikaiweka mezani.

"Sijui kusoma, Cataldo."

"Acha utani wako."

"Sijui. Sikujua hata siku ile."

"Siku ipi? Ile ya mwaka sabini na moja? Uliisoma mbele yangu. Kwa miwani ya marehemu. Ulitikisa kichwa."

"Nilikuwa natembeza macho. Nilidhani ni karatasi ya bima."

Akaivua kofia. Maharage yakafurika yakazima moto, na hakuna aliyenyanyuka. Alinitazama kama mtu aliyekata kitambaa cha mteja akakuta amekata cha mwingine.

"Kwa hiyo hukujua."

"Nimejua kwa wakili, mwezi uliopita."

"Miaka kumi na saba," akasema, pole pole, "mimi nimekuwa nakuogopa wewe."

Sikuelewa. Akanieleza. Alidhani najua. Alidhani nimesoma kwamba yeye ni kibarua wangu, mmoja wa kumi na tano, wa kuambiwa kesho usije, na kwamba nimekaa kimya kwa makusudi. Kila nilipomwita nje ya karakana, alitoka na kofia mkononi. Kila Jumamosi niliposugua kile kibao, alidhani namwonyesha. Ndiyo maana hakunifokea hata siku moja. Mtu aliyejenga ukuta ili asiwe na mfanyakazi asiyefukuzika alilala miaka kumi na saba akiwa yeye ndiye anayefukuzika, na hakupata mtu wa kumwambia.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema.

"Ningekuulizaje? Ungesema lipi? Kwa nini wewe hukuniambia hujui kusoma?"

Nikanyanyuka nikaepua maharage.

Akaichukua karatasi, akanisomea yeye, yote, hadi maneno madogo ya chini. Alipofika kwenye idadi ya wafanyakazi akasimama. "Nikikosana na wewe sasa?"

"Unakwenda kwa hakimu. Akiona nimekuonea, anakurudisha kitini."

Akaomba kalamu, akatia sahihi. Akaniambia kitu kimoja: nisimwambie mtu kwamba aliniogopa. Nami nikamwomba asimwambie mtu kuhusu miwani.

Jumatatu alikata koti la kwanza mbele ya Bwana Ghislanzoni. Kufika Pasaka tulikuwa arobaini na mmoja, tukahama zizini. Sikumbuki kama tulimpeleka mtu kwa hakimu, wala kama mtu alitupeleka. Waliogombana walipatana, wavivu wawili walikuwepo kama wanavyokuwepo kila mahali. Cataldo alinifokea kwa mara ya kwanza wiki ileile aliporudi, habari ya tundu moja la kifungo ambalo halikuwa na kosa lolote, na tangu hapo hakuacha mpaka alipofariki, mwaka elfu mbili na tisa. Mimi niliandikishwa shule ya jioni mwaka uliofuata. Sasa nimezivunja ahadi zetu zote mbili, ya kwake na ya kwangu, na nikikutana naye huko atanifokea tena, sawa tu.

Basi zamu yako wewe unayesoma. Kesho ukifika mahali unapofanyia kazi, hata pawe duka la tambi, uliza: hapa ni pa nani, na mimi nimeandikwa kama nani? Jibu la mdomo usilikubali. Waambie walete karatasi, isome mpaka maneno madogo ya chini, halafu niandikie ulichokuta. Peleka kwa Rosaria wa maktaba, atanifikishia. Na uandike kwa herufi kubwa, mistari iachane, kwa sababu naisoma mwenyewe.